Vihenge Saba vya Fisi

Hadithi hii inaanza na njaa, kwa hiyo aliyeshiba avumilie. Miaka miwili mfululizo mvua iliipita Nyika ya Migunga kama mgeni asiyetaka kusalimia. Mto ulibaki madimbwi matatu, na wanyama walibakiwa na mtama kidogo tu, kila mmoja kauficha kwake. Mtama huo ndio uliokuwa mbegu. Ukiisha, mvua ingekuja wakose cha kupanda, na hapo nyika nzima ingekuwa imekwisha.

Simba akaitisha baraza. Simba alikuwa mfalme, na alipenda shughuli yoyote itakayomweka mahali pa juu. Akaamuru mbegu zote ziwekwe pamoja katika vihenge saba vikubwa, na yeye akajitangaza mlezi wa vihenge hivyo. Swali likabaki moja: nani avitunze? Nyani akakataliwa kwa sababu anakula mtama. Tembo naye anakula mtama. Ngiri aliposimama kujipendekeza, walimcheka mpaka akakaa mwenyewe.

"Mnajisumbua bure," akasema Fisi kutoka nyuma. "Mimi tangu nizaliwe sijatia punje ya mtama mdomoni. Nile majani, mimi?"

Wakatazamana. Kweli kabisa! Fisi ni mlafi, hilo halina mjadala, lakini ni mlafi wa nyama. Mtama ataufanyia nini? Wakamkabidhi vihenge vyote saba, wakarudi makwao wakijiona wana akili nyingi sana.

Aliyepeleka pishi moja ya mtama alipewa kigae kimoja cha chungu kilichokwaruzwa mistari miwili. Akirudisha kigae, anapewa pishi yake. Lakini Fisi aliongeza utamu: atakayevumilia bila kudai ataongezewa kigae kimoja juu ya kila viwili alivyonavyo. Hakuna aliyeuliza mtama uliolala kihengeni unazaaje. Walianza kuvigombea vigae. Mwenye mtama uliobaki nyumbani aliutoa ili anunue kigae cha jirani, kwanza kwa pishi mbili, kisha kwa tatu.

Na ukitaka kuhakikisha, Kasuku alikuwepo. Yeye aliteuliwa mkaguzi. Kila mwezi ulipoandama alimwuliza Fisi, "Vikoje?" Fisi akamjibu, akampa njugu, na Kasuku akapaa juu ya miti akipiga kelele, "Vimejaa! Vimejaa mpaka mdomoni!" Kasuku hakuwa mwongo. Alirudia alichoambiwa, basi.

Sungura hakupeleka mtama wowote, kwa sababu hakuwa nao. Alikuwa mvivu wa kulima na hodari wa kuzurura. Siku moja asubuhi, akizurura karibu na vihenge, alimkuta Mama Panya amejitwisha mkeka, watoto kumi na mmoja wamemfuata msururu.

"Shikamoo, Mama Panya. Safari ya wapi?"

"Marahaba, baba. Tunahama. Hapa pana njaa."

Sungura akatazama vihenge saba vilivyosimama nyuma yake. "Njaa? Na nyumba yako iko chini ya mtama wa nyika nzima?"

"Ndiyo maana nahama," akasema Mama Panya, akasonga mbele na watoto wake.

Sungura alikaa chini. Alitazama vihenge kutwa. Hakuona panya. Hakuona mdudu mmoja akitoka kwenye ufa, wala njiwa akidonoa chini. Alichoona ni mbweha kutoka ng'ambo ya kilima, wanaingia uani kwa Fisi na vifurushi vinavyonuka nyama kavu, wanatoka na magunia yaliyotuna. Akakimbia moja kwa moja hadi barazani.

"Vihenge vitupu!" akasema. "Panya wamehama!"

"Vimejaa mpaka mdomoni!" akasema Kasuku.

Walimzomea. Ngiri, ambaye alikuwa bado ameficha mtama mwingi shimoni na anawanyima hata majirani wagonjwa, alimrushia gunzi la hindi. Siku ya pili Sungura alirudi akasema yale yale, akarushiwa magunzi mawili. Siku ya tatu alirushiwa jiwe, likampata sikioni. Hapo alikasirika kweli. Sikio la sungura si kitu cha kuchezea.

"Haya," akajisemea akilifuta damu. "Hamtaki kuusikia ukweli bure? Basi nitawauzia."

Akaenda kwa Simba. Simba alikuwa na lundo la vigae, zawadi ya Fisi kwa mlezi wa ghala, na alivilalia tu kwa fahari.

"Ee Mfalme, niazime vigae ishirini. Wingu la kwanza likionekana, nitakurudishia ishirini na viwili."

"Na usiporudisha?"

"Unile."

Simba akampima kwa macho. "Wewe ni tonge moja."

"Utapata tonge moja, na vigae vyako vingine vyote bado unavyo, hasara iko wapi? Ila tuelewane, nitarudisha vigae, si mtama."

"Kigae changu ni kigae changu!" akanguruma Simba. "Kina heshima kuliko mtama. Nani atathubutu kusema vingine?"

Wakakubaliana mbele ya baraza zima. Sungura alivichukua vigae vile moja kwa moja hadi kwa Ngiri, na kabla hajafungua mdomo kutaja bei, Ngiri alikuwa ameshavikumbatia. Alilipa pishi tatu kwa kila kigae. Pishi sitini za mtama halisi, unaong'aa, zikahamia kwenye mapango alikohamia Mama Panya.

"Usile," Sungura akamwonya.

"Nitaonja," akasema Mama Panya.

Sasa lililobaki ni kungoja bei ya vigae ishuke. Bei ikapanda. Ikafika pishi nne, ikafika tano. Nyani wakawa wanavivaa shingoni. Mke wa Sungura aliacha kulala.

"Mume wangu, vigae ishirini na viwili sasa ni pishi mia na kumi. Wewe una sitini. Ukivinunua leo hazitoshi, usipovinunua unaliwa. Hivi una akili kweli?"

"Akili ninayo. Kilichopungua ni muda," akajibu Sungura, lakini masikio yake yalikuwa yamelala, na alikuwa na hofu kuliko alivyotaka mkewe ajue.

Na hapo, mapema kuliko ilivyotarajiwa, wingu likaonekana. Wingu dogo, jeusi, upande wa mashariki.

Wanyama wangefurahi kwamba sasa watapanda, sivyo? Thubutu! Fisi aliwahi barazani akatangaza kwamba atakayeacha mbegu zake kihengeni msimu mmoja zaidi ataongezewa kigae kimoja juu ya kila kimoja. Wakashangilia mpaka vumbi likapanda. "Kwa nini nivunje mgongo na jembe?" akauliza Nyani. "Vigae vinazaa kuliko shamba!" Mvua inakuja na hakuna hata mmoja aliyechukua jembe. Mimi ninayesimulia hasira hunipanda kila nikifika hapa, kwa sababu wingu halingojei mtu.

Kesho yake ilikuwa Siku ya Mdomo. Nyika ile ilikuwa na desturi yake: wingu la kwanza likionekana, vifuniko vya vihenge vinafunuliwa, kila mnyama anapanda ngazi, anachungulia mdomoni, anasifu, anashuka. Kutia mkono ni mwiko. Ukitia mkono umemwita mtunzaji mwizi, na hakuna aliyetaka kuitwa mkosa adabu. Anayetaka kumheshimu mtunzaji huleta zawadi ndogo, akaiweka juu ya nafaka. Fisi aliijua adabu ya wenzake, na ndani ya mdomo wa kila kihenge alikuwa ametega ungo, juu ya ungo akamwaga mtama wa kutosha kujaza macho.

Wakapanda, wakachungulia, wakasifu. Simba alikaa mbele, manyoya yamechanwa. Kando yake lilitengwa jiwe bapa, la kumlia Sungura endapo vigae havitaonekana.

"Sungura!" akaita Simba. "Wingu lile pale. Vigae vyangu viko wapi?"

"Vinakuja, ee Mfalme. Niruhusu kwanza nichungulie kama wenzangu. Nimemtukana Fisi, nataka kumwomba radhi. Nimemletea na zawadi."

Akafunua kifurushi. Ndani yake mlikuwa na paja la nyati, mfupa mzito, umejaa uboho, na harufu yake ikazunguka uwanja mzima. Fisi akameza mate. Sungura akapanda ngazi ya kihenge cha saba akiuburuta, akauinua juu ya mdomo kwa heshima zote, akauachia.

Mfupa haukukaa juu ya mtama. Ungo ulipasuka, kisha wote wakasikia: pu! Halafu kimya. Halafu, mbali sana chini, ndi!

"Ala!" akasema Tembo. "Umeanguka wapi?"

Fisi angeweza kunyamaza. Angeweza kusema lolote, kwani wale walikuwa wameshazoea kumwamini. Lakini uboho ulikuwa unanukia kutoka chini, na Fisi ni Fisi. Alipanda ngazi kwa mruko mmoja, akajitosa kichwa mbele ndani ya kihenge. Makapi yakafumka juu. Mkia ukaonekana mara moja, ukazama. Kisha kutoka chini kabisa ikasikika sauti ya meno yanayovunja mfupa.

Kihenge kilichojaa mpaka mdomoni, na Fisi mzima amezama ndani yake mpaka sakafuni, anakula!

"Vimejaa!" akapiga kelele Kasuku. "Vimejaa mpaka..." Tembo akamtazama.

Tembo akavisukuma vihenge vingine sita kwa paji la uso, kimoja kimoja. Vyote vilianguka kwa wepesi, vikamwaga makapi. Akakilaza na cha saba, na Fisi akatambaa nje na makapi puani, mfupa bado mdomoni.

"Mtama wetu uko wapi?" akauliza Simba.

"Nimeula, Mfalme."

"Wewe huli mtama!"

"Niliula ukiwa umeshageuka nyama," akasema Fisi kwa huzuni. "Mbweha wa ng'ambo hubadilishana vizuri sana."

Kilio kilichofuata sitaki kukielezea. Nyani walivikata vigae shingoni wakavitupa, wengine wakavikanyaga. Sungura, kwa utulivu, alipita katikati yao akiinama na kuokota, kimoja, cha pili, cha tatu, mpaka vikafika ishirini na viwili. Akavipangusa vumbi, akavipanga mbele ya Simba juu ya lile jiwe bapa.

"Vigae vyako, ee Mfalme. Na viwili vya shukrani."

Simba alivitazama. Akamtazama Sungura. Kucha zikatoka, zikarudi. Baraza zima lilikuwa limemsikia kwa masikio yake, na mfalme hawezi kula maneno yake mbele ya watu.

"Mwizi huyu!" akafoka Ngiri. "Aliniuzia akijua ni takataka!"

"Nilikwambia siku tatu mfululizo," akasema Sungura, akageuza kichwa kumwonyesha sikio lenye kovu. "Mlinilipa kwa magunzi na jiwe."

"Lakini umeneemeka kwa msiba wetu!" wakadakia wengine.

"Nimeneemeka, sikatai. Ila mngeusikia ukweli bure, nisingepata hata punje. Sasa nina pishi sitini za mbegu, na wingu lile halisimami. Anayetaka achukue pishi moja, wakati wa mavuno anirudishie moja na nusu. Au tuendelee kugombana mpaka mvua ipite."

Walimtukana sana, wakapanga mstari. Wa kwanza mstarini alikuwa Ngiri, akaazimwa mtama wake mwenyewe.

Fisi alihukumiwa kuvuta jembe la kila shamba msimu mzima, na ujira wake ulikuwa bakuli la uji wa mtama, asubuhi na jioni. Aliulamba akilia. Kasuku alipewa kazi ya kufukuza ndege mashambani, ambako kupiga kelele bila kufikiri kuna faida yake.

Mvua ilinyesha, mtama ukaiva, vihenge vipya vikajengwa. Safari hii ngazi ilikuwa pana, na kila aliyepanda alitia mkono mpaka begani, Simba akiwa wa kwanza, akijifanya hiyo ilikuwa fikra yake. Na mpaka leo katika Nyika ya Migunga, mtu akija kuwasifia ghala lililofurika, hawamwulizi limejaa kiasi gani. Humtuma mtoto akaangalie kama Mama Panya amekwisha kuhamia.