Chambo cha Dodoki

Palikuwa na Sultani aliyeitwa Mngwali, mchoyo ambaye hata salamu aliitoa nusu. Sultani huyu alitaka bwawa la samaki nyuma ya kasri. Akaita watu wachimbe, akawaonyesha masufuria yaliyofunikwa, yakifuka moshi na kunukia bizari. "Mkimaliza, pilau!" Watu wakachimba hadi viganja vikatoka malengelenge. Mifuniko ikafunuliwa: mawe matupu, yanachemka kwa maji na bizari. Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwanguka.

Bwawa likajaa ningu wanono. Ndipo ikapigwa mbiu: kuvua ruhusa, lakini mahindi, ugali, hata nyungunyungu, vyote vyatoka katika ardhi ya Sultani. Kwa hiyo samaki aliyekula cha Sultani ni wa Sultani. Yaani uvue wewe, ale yeye. Jamani!

Mwanatumu, mjane mfua nguo aliyechimba na wenzake, mwenye ulimi mkali kama pilipili na wanawe waliochoka ugali mkavu, aliisikia mbiu ile akaguna tu. Akachukua dodoki lake kuukuu la kuogea. Akakata kipande, akakichonga kama punje ya hindi, akakitia kwenye ndoana. Kwa wepesi wake kikaelea juu kidogo ya tope, kikichezacheza. Ningu naye kwa tamaa humjui! Akakifyonza. Jioni ile watoto walilamba mchuzi wa nazi hadi vidole vikang'aa.

Mji haukosi wambea. Kesho yake askari walimfikisha barazani, na watu wakajaa kusikiliza.

"Umekula samaki wangu!" Sultani akanguruma.

"Nimekula wangu, Maulana. Wako ni aliyekula chako. Huyu kala dodoki."

"Dodoki nalo limeota katika ardhi yangu!"

"Limeota, ila haliliki. Kama kwako ni chakula, lililobaki nitakuletea. Nimelisugulia visigino tu."

Baraza likaangua kicheko. Sultani akawiva uso.

"Basi umemlaghai samaki wangu! Umemwonyesha chakula, kumbe si chakula!"

"Kwani hilo ni kosa?"

"Kosa kubwa! Mwenye kutega kwa chambo kisicholika, alichopata si chake, ni cha upande uliolaghaiwa. Naye atahama mji huu, leo hii!"

Mwanatumu aliwafikiria wanawe, na njia ndefu isiyo na ndugu mbele yake. Aliogopa, asikudanganye mtu. Lakini ulimi wake haukujua woga.

"Maulana, hukumu hiyo ni ya wafua nguo tu?"

Sultani akautazama umati, akatanua kifua. "Sheria yangu haitazami uso. Ni ya kila mtu, awe na kanga, awe na kilemba!"

"Mmesikia, jamaa?"

"Tumesikia!"

Mwanatumu akafungua pindo la kanga yake, akatoa jiwe, akaliweka taratibu miguuni pa Sultani.

"Chambo chako hiki hapa, Maulana, bado kinanukia bizari. Bwawa tumeshalipokea. Wewe kaoge, uage. Mizigo nitakufungia mimi."