Kofia Iliyopimwa kwa Sufuria

Hapo zamani, na si zamani sana, maana kofia ninayowasimulia bado haijaliwa na nondo, paliondokea mzee aliyeitwa Mbaabu. Alikuwa mpima ardhi maisha yake yote, na mkewe Kagendo alimcheka maisha yake yote kwa sababu hiyo.

Kagendo alipougua, alifuma kofia nyekundu ya sufu, yenye masikio mawili ya kufungia kidevuni. Akamwambia mumewe, "Nikiondoka, mpe kofia hii mtu wa kwanza atakayekuchekesha. Nimesema kucheka, si kutabasamu kwa adabu."

"Kichwa chake umekipimaje, nawe humjui?"

"Nimepima kwa sufuria."

Mbaabu akatabasamu kwa adabu. Mvua za msimu ule zilikuwa hazijaisha, Kagendo akazikwa.

Tangu siku hiyo Mbaabu hakucheka. Watu walisema ni huzuni, na huzuni ilikuwapo. Lakini palikuwa na jambo la pili, asilomwambia mtu: siku atakayocheka, kofia itaondoka. Na kofia ndiyo kitu cha mwisho kilichotoka mikononi mwa Kagendo. Basi akabana kicheko kama mtu anavyobana kikohozi kanisani. Wajukuu wakakata viuno mbele yake, akabana. Kasisi akakalia kiti kibovu, akaanguka miguu juu, akabana.

Sasa, Kagendo alikuwa akitamani sana kuliona ziwa lililo juu mlimani, kule ambako mtu huyatazama mawingu yakiwa chini yake. Hakulifikia. Mbaabu akaamua kwenda kuliona kwa niaba yake, na kofia mfukoni.

Alifuatana na watatu. Kiongozi wa njia alikuwa Mutegi, mwenye miguu kama korongo. Mpagazi alikuwa Nyaga, mwenye masharubu makubwa na njaa kubwa zaidi. Na mpishi alikuwa Kaari, mama mwenye hoteli yake kule sokoni, ambaye alijisifu kwamba haragwe la kumshinda halijapandwa. Mlima alikuwa hajawahi kuupanda.

Walipokuwa kwenye mianzi, Mbaabu aliuliza, "Ziwa bado mbali?"

"Hapo tu," akasema Mutegi.

Wakalala, wakaamka, wakaiacha mianzi, wakaingia kwenye matope. "Ziwa bado mbali?"

"Hapo tu."

Wakalala, wakaamka, wakayaacha matope, wakaingia kwenye mawe. "Mutegi, hiyo 'hapo tu' yako ni mita ngapi?"

"Mzee, hapo tu haina mita. Ina miguu."

Baridi ikaanza kuuma. Kaari akamtazama Mbaabu. "Baba, masikio yako yamekuwa zambarau, na kofia umeiweka mfukoni. Unaitunzia nani?"

Mbaabu hakuzoea kusema uongo. Akawaeleza habari ya kofia, yote isipokuwa lile jambo la pili. Kuwaeleza ndiko kulikokuwa kosa lake, kwa maana tangu saa ile hakupata amani. Watatu wote walikuwa na masikio, na masikio yote yalikuwa yakiganda.

Mimea mirefu ya mlimani ilikuwa imesimama pembeni mwa njia, imejitanda majani makavu kama wazee waliojifunika blanketi. Mutegi akaipigia goti mmoja mmoja: "Habari ya asubuhi, mama mkwe! Mbuzi wa mahari wako njiani, nivumilie!" Mbaabu akabana. Nyaga akaigiza pimbi aliyeoa mke mkali. Mbaabu akabana. Kaari akasimulia jinsi mumewe alivyokwenda kumposa, akamposa pacha wa Kaari kwa makosa, "na hadi leo dada yangu hunidai shukrani kwa kunirudishia." Mbaabu akauma skafu.

Kadiri walivyopanda, hewa ikapungua, na akili nazo zikapunguza mizigo. Nyaga alicheka jiwe. Kaari alimcheka Nyaga. Mutegi aliwacheka wote wawili mpaka akaketi. Mbaabu alihisi kichwa chake kimekuwa chepesi kama unyoya, na kicheko kimefika kooni kinabisha hodi. Akameza.

Kisha wakavuka ukingo wa mawe, na ziwa likawa miguuni mwao, limetulia, la buluu, na genge la mawe likijitazama ndani yake.

"Sasa si hapo tu," akasema Mutegi. "Ni hapa."

Mbaabu alinawa uso kwa maji yale. Kaari akateleka maharage. Maji yakachemka upesi, akapiga kifua: "Mmeona? Hata moto wa mlimani unaniheshimu!"

"Mama, huku juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha," akasema Mutegi. "Maharage huwa hayai..."

"Wewe onyesha njia. Sufuria niachie."

Basi sufuria ikachemka. Jua likapanda, sufuria ikachemka. Jua likapinduka, sufuria ikachemka. Nyaga, aliyelala chali kwa njaa, akanung'unika, "Mama, bado?"

Kaari akafunua, akachota haragwe moja, akaling'ata. Ka! Akashika shavu. Akalirudisha haragwe kwenye sufuria, akaweka kifuniko, na kwa heshima zake zote akasema:

"Hapo tu."

Mbaabu akasikia sauti nyingine. Akajiona enzi zile yuko mlangoni, viatu miguuni, kila Jumapili ya kwenda kanisani, anaita, "Mama, bado?" Na kutoka chumbani Kagendo anajibu, "Hapo tu!" kumbe hata gauni hajachagua.

Kicheko kikatoka. Kilitoka kwa nguvu za siku zote kilizofungiwa. Genge la ng'ambo likakirudisha, bata wakaruka majini, na Mbaabu akaanguka juu ya begi la Nyaga akishika mbavu. Alipojifuta macho, hakusema anafuta nini.

"Kofia!" wakapaza sauti watatu kwa pamoja.

"Ni yangu," akasema Kaari. "Mimi ndiye niliyejibu, na jino langu ni shahidi."

"Ulijibu kwa neno la nani?" akasema Mutegi. "Nimelipanda neno hilo tangu kwenye mianzi, wewe umevuna tu."

"Na nisingeuliza," akasema Nyaga, "ungemjibu nani? Haragwe?"

Mbaabu akaishika kofia kwa mikono miwili. "Neno hilo si la yeyote kati yenu. Ni la mke wangu. Ni yeye aliyenichekesha." Akawaeleza habari za Jumapili. "Kwa hiyo kofia ni yake, na cha mke wangu hubaki nyumbani kwangu."

Kisha Kaari akasema kwa upole, "Baba, kama angetaka ubaki nayo, si angepima kichwa chako?"

Mbaabu akaiweka kofia juu ya jiwe, katikati yao.

"Lakini hata vyetu hakupima," akasema Mutegi.

Wakajaribu. Mutegi ikamfika puani. Nyaga ikammeza pamoja na masharubu. Kaari, pamoja na nywele zake zote, akapotea ndani. Mwishowe Kaari akaivisha sufuria kofia, akafunga masikio ya kofia chini ya mikono ya sufuria. Ikakaa sawasawa. Mbaabu akacheka mara ya pili, na safari hii hakujaribu kubana.

Wakaanza kushuka, sufuria mgongoni mwa Nyaga, imevaa kofia, maharage yakigongana ndani. Masikio ya watu wanne yakaganda.

"Nitaamua tukifika langoni, pale tulipoanzia kupanda," akasema Mbaabu. "Lango liko mbali?"

"Hapo tu!" wakajibu wote watatu.

Basi, nyinyi mliokaa hapa na masikio yenu yana joto, mtangulieni mzee langoni. Yuko Mutegi aliyelipanda neno, yuko Nyaga aliyeliita, yuko Kaari aliyelitamka. Yuko Kagendo ambaye neno lilikuwa lake, na yuko mumewe ambaye hana kingine cha kushika. Na iko sufuria, iliyokataa kuivisha, na ambayo ndiyo pekee iliyopimwa.

Je, kofia ni ya nani?