Kutangulia si Kuzaa

Kutangulia si kuzaa. Methali hii ilianza hivi.

Lakini kwanza niseme ilivyofika kwetu siku hiyo. Vijana wa timu ya kijiji walikuwa wamerudi kutoka uwanjani wamefungwa, wameketi barazani kwa Mzee Chitanda wakivua viatu na kumsema kipa mpya. Tangu aje huyu, walisema, hatujashinda hata mechi moja. Mzee Chitanda, ambaye ndiye huwashonea mipira ikipasuka, akasema bila kuinua macho kwenye sindano: "Kutangulia si kuzaa." Wakamuuliza maana yake nini, na nani aliyeisema kwanza. Mzee akaukata uzi kwa meno, akawasimulia habari za Siwema.

Siwema Chinduli alikuwa msichana wa darasa la saba katika kijiji cha Namkunde, juu kwenye uwanda wa Makonde, zamani kabla bomba la maji halijafika. Huko ardhi ni nzuri ila maji yako chini mabondeni. Mwanamke akitaka ndoo moja ateremke mteremko mrefu kisha aupande tena, ndoo kichwani. Ndiyo maana watu wa Namkunde walipenda kusema kwamba kwao maji hayanywewi, yanalambwa.

Mwaka ule mvua za vuli hazikuja, na za masika zikaja kama mgeni asiyetaka kukaa. Visima vya karibu vikakauka. Mahindi yakanyauka yakiwa bado hayajatoa mbelewele. Kilichosalia shambani ni muhogo mchungu, maana huo haujali jua. Watu wakashukuru kuwa nao, wakala muhogo asubuhi na jioni.

Ndipo watoto wakaanza kuugua. Mtoto anakula vizuri, baada ya muda anashika kichwa, anasema nyumba inazunguka, anatapika. Kesho yake anacheza kama hakuna lililomfika, halafu inarudi tena. Wengine ikawapata zaidi ya hapo. Tatu, mdogo wake Siwema, aliamka asubuhi moja akataka kwenda uani, miguu ikakataa. Ilikaza kama imefungwa kamba. Mama yake alimnyanyua, akamsimamisha, mtoto akaanguka, mama akamnyanyua tena. Siwema aliyaona hayo akiwa na kikombe cha uji mkononi, na tangu siku hiyo alikuwa na hasira isiyojua pa kwenda.

Haikuchukua muda ikapata pa kwenda. Mwaka ule ule alikuwa amehamia Namkunde mama mmoja mtu mzima, mjane, akiitwa Bi Somoe Likwena, kutoka bonde la Ruvuma. Alikuja na mjukuu wake wa kike, akapewa kibanda kilichoachwa pembeni mwa kijiji. Hakuwa na ndugu pale. Alikuwa mpole, ila lafudhi yake ilikuwa ya mbali na mambo yake yalikuwa ya kwao. Kubwa zaidi ni hili: mjukuu wake haugui. Watoto wa kijiji wanatapika, yule anaruka kamba.

"Mbona wa kwake mzima?" watu wakaulizana kwenye kisima cha bondeni. Na swali lile, kama maswali mengi ya kisimani, lilikuwa na jibu lake tayari.

Mjomba wake Siwema, Mzee Nangonga, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Aliitisha mkutano kuzungumzia kumwondoa Bi Somoe. Kwa kuwa Siwema alisifika kwa kuandika, mjomba alimwita akamwambia, "Mwanangu, tuandikie jambo hili lipangike vizuri, uje ulisome mbele ya watu. Yanayosemwa ovyo hayana nguvu."

Ikasadifu kwamba wiki hiyo hiyo Mwalimu Mpelumbe alikuwa akiwafundisha darasa la saba insha ya sababu na matokeo. Siwema akaona ataua ndege wawili kwa jiwe moja. Akaandika insha yake kwa moyo wote. Alieleza jinsi Bi Somoe alivyofika, na jinsi baada ya hapo watoto walivyoanza kuanguka, na jinsi mjukuu wake alivyobaki mzima. Alipofika kwenye miguu ya Tatu machozi yalidondokea karatasi. Akaipeleka kwa mwalimu akijua amepata.

Mwalimu aliirudisha bila alama. Pembeni ya aya ya kwanza palikuwa na neno moja tu: *Umejuaje?*

Siwema alimfuata wenzake walipotoka. "Mwalimu, umesahau kunipa alama."

"Sijasahau. Keti." Mwalimu Mpelumbe alikuwa mtu wa sauti ya chini, ukitaka kumsikia lazima unyamaze. "Umeandika vizuri mno, Siwema. Ndiyo maana nimeogopa. Maneno yako yana nguvu ya kumtoa mtu nyumbani kwake. Hebu niambie. Mwaka huu, mbali na Bi Somoe, nani mwingine amehamia hapa Namkunde?"

Siwema akafikiri. "Ni wewe, Mwalimu."

"Nilikuja kabla watoto hawajaugua au baada?"

"Kabla."

"Basi mbona hukuniandika mimi?"

Siwema akainamisha kichwa. Alitaka kucheka na alitaka kulia.

"Na mvua," mwalimu akaendelea, "haikukosa kabla watoto hawajaugua? Vitu vingi vilitangulia. Wewe umechagua kimoja. Katika insha ya namna hii, 'baada ya' na 'kwa sababu ya' si ndugu wa tumbo moja. Ukitaka kusema hiki kimeleta kile, nionyeshe njia kilimopita: kilitoka hapa, kikafika pale, kikafanya hivi. Kisha ujaribu kukiondoa, uone kama kile kingine nacho kitaondoka. Ukishindwa, sema bado sijui. Kusema sijui si kosa la sarufi."

"Lakini Mwalimu, yule mjukuu wake haugui! Hilo si la kubuni, wote tunaliona."

"Ni kweli, na ndilo jambo bora kuliko yote uliyoandika. Sasa nenda ukaulize kwa nini. Ila uulize kama mtu asiyejua jibu."

Siwema alikwenda kwa Bi Somoe alasiri ile. Alimkuta uani, mikono imezama ndani ya chungu kikubwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Huyu ni mtoto wa nani?"

"Wa Mama Tatu."

Bi Somoe akatoa mikono majini. "Ooh. Miguu ya mdogo wako inaendeleaje? Nilikuja kumwona, nikaambiwa mama amelala."

Siwema alijua mama yake hakuwa amelala siku ile. Akachungulia chunguni, akaona vipande vya muhogo vimelala ndani ya maji, vimevimba na kulainika, vikinuka ule uchachu wa kitu kilichovunda.

"Maji yote haya, Bibi? Ya muhogo?"

"Ya muhogo. Nateremka bondeni kabla jua halijawa kali, na huyu mjukuu wangu ananisaidia na kibuyu chake. Tunachoka. Lakini muhogo mchungu bila maji ni sumu, mwanangu. Kwetu huuloweki leo ukaupika kesho. Unaungoja mpaka ubonyee wenyewe kwa kidole, ndipo unauanika ukauke kabisa. Ukiuharakisha unakula uchungu wake, nao unakwenda kichwani na miguuni." Akarudisha mikono majini. "Nilijaribu kuwaambia akina mama kisimani. Labda nililisema vibaya. Mgeni akisema chakula chenu kibaya, nani atamsikiliza?"

Siwema alisimama pale akiona jiko la kwao kama amelifungulia mlango. Miaka mingine mama yake naye aliloweka. Mitungi ilipangwa ukutani. Mwaka huu mitungi ilikuwa mitupu, kwa kuwa maji yaliyopatikana yalikuwa ya kunywa tu. Muhogo ulichimbwa, ukamenywa, ukaanikwa kidogo juu ya paa, ukatwangwa, ukapikwa. Njaa haikungoja, na maji hayakuwapo. Si kwao tu. Ndivyo ilivyokuwa Namkunde nzima.

Alitamani kukimbia akapige kelele. Lakini lile neno la pembeni mwa karatasi lilimshika mguu. *Umejuaje?* Angeweza kukosea tena, safari hii kwa upande wa pili.

Kwa hiyo akapita nyumba kwa nyumba akisalimia na kuuliza wanapikaje. Kwa mwuza samaki, ambaye alinunua unga wa mahindi mjini, hakuna aliyetapika, na watoto wake walicheza kutwa na wale wanaougua. Kwa mwalimu, ambaye naye alinunua unga, hakuna aliyetapika. Kwa mjomba Nangonga, ambako muhogo ulikuwa ukitwangwa mbichimbichi, wawili walikuwa wamelala mkekani. Akarudi nyumbani, akachukua ndoo, akateremka bondeni. Shingo ilimuuma, miguu ikatetemeka katika kupanda. Aliporudi alijaza mtungi mmoja, akateremka tena.

"Unafanya nini na maji, Siwema?" mama yake alifoka. "Tatu atakunywa nini?"

"Mama, nakuomba. Ya kunywa nitaleta, na ya muhogo nitaleta. Wewe nisaidie kungoja tu."

Mama alimtazama mwanawe jinsi jasho lilivyochanganyika na vumbi usoni, akauacha mtungi pale. Wakangoja. Mtendaji wa kata alikuwa amesafiri na mkutano ukasogezwa mbele, na kwa hilo Siwema alimshukuru Mungu. Muhogo ulipolainika, wakauanika, wakautwanga, wakala. Tatu hakushika kichwa, wala kesho yake. Nyumba ya jirani walikuwa bado wakitapika.

Siku ya mkutano watu walijaa uwanja wa shule. Bi Somoe aliketi peke yake kwenye kigoda, mjukuu wake amemlalia mapajani. Alikuwa ameshafunga mizigo yake, haikuwa mingi. Mzee Nangonga akasimama.

"Jambo letu mnalijua. Mtoto wetu Siwema ameliandika. Soma, mwanangu."

Siwema akasimama. "Mjomba, shikamoo. Wazee wangu, shikamooni. Ile niliyoiandika kwanza nimeichana. Sikuwa najua nilichoandika."

Watu wakaguna. Mjomba akakunja uso. "Unasema nini? Mama huyu alikuja lini? Si kabla ya magonjwa? Alitangulia yeye, yakafuata magonjwa. Mwongo ni nani?"

"Hakuna mwongo, Mjomba. Ni kweli alitangulia." Akamtafuta mdogo wake kwa macho, akamwona mgongoni kwa mama. "Mimi nami nilimtangulia Tatu hapa duniani. Nilikuja mimi, akafuata yeye. Je, ndimi niliyemzaa? Kutangulia si kuzaa, Mjomba."

Kicheko kikapasuka mahali fulani katikati ya akina mama, kikanyamaza chenyewe. Watu walikuwa wakisikiliza sasa. Siwema akawapitisha taratibu, kama mwalimu alivyomwambia, bila kuruka. Mvua ilikosa, kwa hiyo visima vikakauka. Visima vilipokauka, maji ya kuloweka hayakupatikana. Kwa kuwa muhogo haukulowekwa, sumu yake ilibaki ndani, na watoto wakaila. Akataja nyumba zilizopona na zilivyopika. Akamaliza na mjukuu wa Bi Somoe: "Mliuliza mbona wa kwake mzima. Mimi pia niliuliza. Ni mzima kwa sababu bibi yake anapanda mlima kwa ajili ya muhogo."

Kabla mjomba hajajibu, mama yake Siwema alisimama. "Ni kweli. Kwangu tumeacha kutapika tangu tuanze kuloweka. Ni mimi niliyempikia Tatu. Kwa mikono yangu hii."

Bi Somoe ndiye aliyeinuka akamfuata, mbele ya watu wote waliokuja kumfukuza, akamshika mikono ile ile. "Usiseme hivyo, mwanangu. Ulimpa ulichokuwa nacho. Mama gani atazame mtoto ana njaa amwambie ngoja?"

Mzee Nangonga akamtazama Bi Somoe. Alikuwa mtu wa kiburi, lakini alikuwa na watoto wawili mkekani. Akavua kofia, akasema, "Bibi, tufundishe." Mizigo ikafunguliwa siku ile ile. Vijana wenye baiskeli walipangwa kuteremka bondeni kwa zamu, na maji ya kwanza yakapelekwa kwenye nyumba zenye wagonjwa. Bi Somoe alikwenda jiko hadi jiko akibonyeza muhogo kwa kidole na kusema bado, bado, sasa. Baadaye bwana shamba alipita, akauliza, akaona, akasema mama huyu amesema kweli tupu.

Watoto waliacha kutapika. Miguu ya Tatu haikurudi kama zamani. Alitembea kwa fimbo maisha yake yote, lakini alitembea, na wengine ambao wangefika alipofika yeye hawakufika. Mama yao hakuacha kushukuru kwa hilo. Mvua ziliporudi na visima vikajaa, bado aliteremka kila mara na ndoo moja ya ziada, akaitua uani kwa Bi Somoe, akapiga goti.

"Ahsante, Mama."

"Mbona unanishukuru kila siku? Mimi nilisema nikapuuzwa. Mshukuru mwanao aliyeuliza."

"Naye namshukuru. Na mwalimu wake namshukuru. Lakini wewe tulikuwa tunakufukuza, na bado ulitushika mkono. Niachie nibebe maji."

Bi Somoe akamwachia. Alizeeka Namkunde, akazikwa Namkunde, na waliobeba jeneza lake walikuwa wale waliotapika utotoni. Na tangu mkutano ule, mtu wa Namkunde akimwona mwenzake anamnyooshea mtu kidole kwa sababu tu alifika kabla ya balaa, humshika mkono taratibu, akaushusha, akamwambia alivyosema Siwema kwa mjomba wake: kutangulia si kuzaa.