Siku Mbonea Alipofukiwa Kisimani

Jua la aketiye halitui. Mnacheka? Ngojeni basi niwaeleze, maana methali hii ilianza hivi.

Mwaka mmoja wa ukame, huko milima ya Upare, kijana aitwaye Mbonea alikuwa akichimba kisima. Asubuhi moja ukuta ukabomoka, ukamfukia hadi kifuani. Sauti yake ilisikika kwa mbali, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Wenzake wakaanza kuchimba njia ya pembeni, kwa tahadhari, wasije wakamporomoshea udongo uliobaki.

Mama yake, Nakiete, alifika mbio akaketi ukingoni, macho kwenye kivuli cha mti wa mgunga, aone jua limefika wapi. Alisali. Akalia hadi machozi yakamkauka. Kivuli palepale! Mara akaruka, akaishika kamba aliyofungwa mwanawe.

“Tangu asubuhi mnachimba tu! Mwanangu anakufa. Mvuteni!”

“Ukivuta, ukuta wote unamwangukia!” akapiga kelele wifi yake, Namkunda, aliyekuwa akibeba udongo. “Na hatujachimba hata muda wa kuivisha maharage.”

“Mwongo! Jua limesimama, wifi. Limesimama!”

 Namkunda aliibandua ile kamba mikononi mwa Nakiete, akamtwika kikapu cha udongo. “Kamwage kule bondeni, kisha urudi.”

Nakiete akaenda kwa hasira. Aliporudi, kikapu kingine kilikuwa tayari. Safari ya tatu alikuwa akikimbia. Wanawake wakaanzisha wimbo, miguu ikaufuata. Jasho likamtiririka, akashuka, akamwaga, akapanda, akashuka tena, wala kivuli hakukitazama.

Ghafla vifijo vikalipuka kutoka shimoni: “Tumemfikia! Yu hai!”

Mbonea akatolewa, mwekundu kwa udongo, akikohoa na kuomba maji. Nakiete alimkumbatia nusura amwangushe. Kisha akatazama juu, akashangaa.

“Jamani, mbona jua linazama? Si sasa hivi tu nimeanza kubeba?”

Watu wakaangua kicheko, wengine wakicheka huku wanalia.

“Wifi,” Namkunda akasema, akihema, “ulipokaa, lilikugomea. Ulipokwenda, likaenda nawe.”

Hata leo, watu wa kule wakimwona mtu amejiinamia akingojea habari nzito, hawamwambii avumilie. Humpa jembe, au mchi, wakamwambia: jua la aketiye halitui.