Kito cha Mama Mfinyanzi

Paukwa!

Pakawa!

Mko macho?

Tuko macho, tupe!

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha wafinyanzi, alikuwako binti aitwaye Siwema. Mama yake, mfinyanzi hodari, alifariki akamwachia pete moja tu, yenye kito cha buluu. Siku ya harusi yake, Siwema akaipeleka kwa sonara, maana fedha ya pete ilikuwa imelika. Jirani yake, Binti Chande, naye alikuwa amepeleka hereni ya bibi yake. Kito chake buluu vilevile!

Sonara akavibandua vito, akaviweka siniani. Mara mbuzi akapita mbio, puu! Sinia chini. Vito virr, virr, mchangani. Kipi cha nani? Hata sonara hakujua.

Kimoja kilikuwa na mikwaruzo, kingine laini. Siwema akakinyakua chenye mikwaruzo.

"Hiki ndicho. Mama alifinyanga maisha yake yote, mchanga wa udongo umekikwaruza."

Watu wakaitikia, ndivyo, ndivyo. Siwema akakikumbatia, machozi yakamtoka.

Akaitwa Bi Mashavu, ajuza aliyesugua shanga tangu usichana wake. Akamuuliza Binti Chande, "Bibi yako aliivaa lini hereni hii?"

"Sikukuu tu. Siku nyingine ilikaa kikapuni na vikuku vyake."

Bi Mashavu akachota mchanga mbichi. "Siwema, nipe hicho."

Siwema akasita kukitoa. "Bibi, utakiharibu cha mama."

"Pembeni tu, mjukuu wangu."

Akasugua kidogo, kwaru. Mkwaruzo mpya huo! Akachukua kile laini, akakaza mkono, kwaru, kwaru, kwaru! Akakiosha. Hakina hata alama.

"Haya, niambieni. Kile chenye mikwaruzo kingeshinda kidoleni mwa mfinyanzi, si kingekwisha kufifia zamani? Kimekwaruzwa na vikuku. Hiki laini ndicho kilichoshinda na mchanga."

Kumbe Siwema alikuwa karibu kuolewa amevaa kito cha watu, cha mama yake akakiacha. Akalia, akacheka, akalia tena. Pete ikatiwa kito, vigelegele vikapaa, ngoma ti-ti-ti!

"Bibi," akanong'ona, "nikifinyanga kwa mume wangu, niivue?"

"Usiivue. Mama yako hakuivua."

Basi, wanangu, msidhani kila asiye na alama hakupata taabu. Wengine wametaabika sana, na bado wanang'aa.

Hadithi yangu nimeifikisha kwenu. Nipeni maji, koo limekauka.