Mashimo Matatu ya Bwana Ngiri

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa shimo.
— La nani?
La aliyelichimba. Haya, mwenye masikio asogee, mwenye usingizi afinywe na jirani yake.

Hapo kale palikuwa na uwanda wa juu ulioitwa Malundi. Juu kweli, jamani! Asubuhi umande uliganda majanini, mweupe kama chumvi. Udongo wake ulikuwa mweusi, mwepesi kama majivu, na kina chake mkono mmoja tu, toka kiwiko hadi ncha za vidole. Chini yake jiwe. Nyasi ziliijua siri hiyo, zikaota fupi, zikashikana mizizi.

Chini ya nyasi aliishi Fuko. Nimesema Fuko, si Panya. Ukimwita Panya haitiki. Juu yake aliishi Bibi Kondoo na wanawe. Bibi alikula majani, Fuko alikula mizizi, na kila asubuhi walisalimiana kwa kugonga ardhi.

Siku moja akapanda Ngiri kutoka bondeni, jembe begani.

"Nchi yote hii inalala bure!" akasema. "Nitaipanda mahindi."

"Mwanangu," akasema Bibi Kondoo, "hapa ukiondoa nyasi, upepo utaondoa udongo. Utavuna mawe."

"Bibi, wewe kazi yako kutafuna. Kulima niachie mimi."

Fuko aliyasikia yote kutoka chini. Jembe likipita, nyumba yake haipo tena.

Shauri likafika kwa Mtemi Tembo. Mtemi akasema, "Mila mnaijua. Ngiri, leo chimba mashimo matatu: moja kileleni, moja mteremkoni, moja penye chemchemi. Kesho uyafukie mbele yangu kwa udongo uleule. Udongo ukizidi shimo, nchi ni ya jembe. Ukipungua, nchi ni ya kwato."

Ngiri akachimba. Akajaribu kufukia shimo moja kwa siri, udongo ukapungua. Akaufukua tena, akakuna kichwa, akacheka. Akashuka shambani kwake bondeni, akajaza kikapu udongo mwekundu, mnono, akaupandisha Malundi. Akashuka, akapanda. Akashuka, akapanda. Mpaka jua linatua, kila lundo lilikuwa limenenepa, na juu amelifunika kwa udongo mweusi.

"Hii ndiyo akili!" akajisifu.

Huko chini Fuko alikuwa akihesabu vishindo. Anashuka mwepesi, anapanda mzito. Anabeba nini? Akatoa pua, akanusa. Kumbe, bondeni kumehamia mlimani! Akashitaki? Nani atamwamini shahidi ambaye hata macho yake hayaoni vizuri? Basi Fuko akafanya anachokijua. Akachimba njia hadi ubavuni mwa shimo la kwanza, la pili, na la tatu. Kila mahali akaacha ukuta mwembamba kama chapati.

Kulipokucha, Mtemi akafika. Ngiri akampa mgongo, mgongo mpana, akaanza kusukuma udongo. Ukuta ukapasuka, udongo ukazama. Na kutoka chini wimbo ukasikika:

Tia, Ngiri, tia!
Mlima una njaa!

Semeni nanyi!
— Tia!

Shimo la kwanza likameza lundo lote.

"Shimo hili lina ubishi, Mtemi," akasema Ngiri.

La pili likameza.
— Tia!

La tatu likameza, likabaki wazi kama mdomo. Ngiri hoi, akapiga magoti kukwangua mabaki. Alipoinama, Mtemi akachungulia juu ya kichwa chake, akauona udongo.

"Ngiri."

"Labeka, Mtemi."

"Udongo wa Malundi ni mweusi. Huu mwekundu ni wa nani?"

"Wa... wa mjomba."

"Mjomba gani?"

"Yuko bondeni."

Bibi Kondoo akapiga kigelegele. "Karibu, mjomba, umefika kwa miguu ya mwenzio!"

Wote wakacheka mpaka Mtemi akashika mbavu. Nchi ikawa ya kwato.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mvua ziliponyesha, Ngiri akaenda shambani kwake kupanda. Akapiga jembe: kwaa! Akapiga tena: kwaa! Changarawe tupu. Kikapu kwa kikapu, alikuwa amelihamisha shamba lake lote.

Akaikumbuka sauti ya wimbo ule, akapanda Malundi mbio. "Ndugu Fuko! Nirudishie shamba langu!"

Fuko, mashavu yamejaa mizizi minono, akajibu kutoka chini, "Mila ni mila, bwana. Kilichofukiwa kimefukiwa."

"Hata kikapu kimoja?"

"Ukikiona, chukua."

Ngiri akapiga magoti, pua ardhini, akaanza kutafuta. Mpaka leo ukipita mbugani utamkuta hivyohivyo, magotini. Watu husema anakula nyasi. Nyasi wapi! Anatafuta shamba.

Nami ngano yangu nimeifukia hapo. Ikizidi, ilimeni. Ikipungua, ichungeni.