Bibi Namkunda na Mlima Usiopewa Njia

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika wachache. Nyie wa pale nyuma mnatafuna nini? Mezeni kwanza, maana hadithi hii ni ya kuitikana, na asiyeitika ndani yake hupotea. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia wote.

Hapo zamani za kale, mawe yalipokuwa bado laini kidogo, palikuwa na kijiji chini ya mlima. Mlima wenyewe haukuwa na jina. Watu waliuita Kule. Asubuhi walisema, Kule kumejifunika. Jioni walisema, Kule kumejifunua. Na kilele cha Kule hakikuwa na njia. Si kwamba njia ilipotea, la. Haikuwahi kuwapo.

Kijiji kile kilikunywa chemchemi moja. Ilikuwa ikiimba chururu, chururu, mchana kutwa, mpaka watu wakaacha kuisikia. Mwaka mmoja ikaanza kuchoka. Ikawa to, to, to. Kisha ikawa to. Unangoja. Unangoja tena. To. Kibuyu kilichokuwa kikijaa kabla hujamaliza kusalimia, sasa kilijaa kuanzia jua kuchomoza hadi ng'ombe kurudi zizini.

Wazee wakakata shauri: mwezi ukiandama na maji hayajarudi, tunahama.

Sasa nisikilizeni. Palikuwa na kijana mmoja, fundi wa mizinga ya nyuki, jina lake Senzota. Miguu yake ilikuwa na nguvu, moyo wake ulikuwa na haraka. Mkewe Mbonea alikuwa amejifungua siku nne tu nyuma, na uzazi ule ulimvunja, hata kukaa kitako hawezi. Kumhamisha Mbonea ilikuwa ni kumzika njiani. Kila mtu alijua hivyo. Hakuna aliyelisema mbele ya Senzota, na kimya chao ndicho kilichomuuma zaidi.

Siku mbili kabla ya mwezi kuandama, akasimama Bibi Namkunda. Huyu alikuwa mfinyanzi. Macho yake yalishaingia ukungu, lakini vyungu vyake vilikuwa havivuji. Alikuwa akikigonga chungu kwa kidole, ngo, akasikiliza, akajua kama kina ufa ambao jicho halijauona.

Akasema, "Juu ya Kule kuna bakuli la jiwe. Mvua hujaa humo, ikashuka tumboni mwa mlima, ikatutokea hapa. Bakuli limeziba. Nani atakwenda nami kulizibua?"

"Bibi," wakamwambia, "wewe huoni."

"Kwenye ukungu wa Kule hakuna anayeona," akajibu. "Mimi angalau nimeuzoea."

Wakatoka watu saba, kila ukoo mtu mmoja. Bibi Namkunda wa kwanza. Senzota wa pili. Wa tatu Mzee Kiangi, mpiga ngoma mwenye kitambi, aliyelalamika tangu kizingitini kwake. Na wengine wanne, wake kwa waume.

Basi kijiji kile kilikuwa na desturi yake ya kupanda Kule. Panga huachwa nyumba ya mwisho. Watu hawafuatani kama siafu. Hutandazika ubavu kwa ubavu, umbali wa sauti, kila mtu na majani yake. Ukiinamisha nyasi, unageuka, unaziinua. Na katikati huwa mtu mmoja wa kuita. Huita, "Mko?" Nao hujibu mmoja mmoja, kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia, "Niko." Sauti moja ikikosekana, wote hukaa chini.

"Kwa nini tusikate njia moja tukafika upesi?" aliuliza Senzota.

Bibi akasema, "Njia leo ni ya miguu, mjukuu wangu. Kesho ni ya maji. Mlima ukipewa njia, mvua itaishika hiyo hiyo ikimbie, na ulichotakiwa mlima kunywa mwaka mzima kitapita siku moja."

Senzota akashika nafasi yake. Lakini panga lake lilikuwa kiunoni, chini ya shuka.

Wakapanda. Kwacha, kwacha, kwacha, majani makavu. Kisha majani yakawa mabichi, hayasemi kitu. Miti ikaota ndevu. Ukungu ukashuka, mweupe, wa vuguvugu, ukawaingia watu katikati. Jirani yako unamsikia, humwoni.

"Mko?"

"Niko." "Niko." "Niko."

Mle ndani wakati ulikuwa hautembei. Mzee Kiangi alisikia harufu ya maharage ya marehemu mama yake, akalia kidogo, akaendelea kupanda akilia. Mwanamke mmoja aliona miguu yake inakanyaga ardhi laini kama godoro la sufi, akasahau kama anapanda au anashuka. Hakuna aliyeogopa. Ilikuwa raha ya ajabu, ile ya mtu anayesinzia huku akiitwa.

"Mko?"

"Niko," akaitika Senzota.

Bibi Namkunda akasimama. "Senzota. Sauti yako ina ufa."

"Ni baridi, Bibi."

Haikuwa baridi. Alikuwa anamwona Mbonea. Alikuwa anauona mwezi, mwembamba, umekaa juu ya paa la nyumba yake. Akasema moyoni, hawa wanatembea kwa kuimba, mimi nitafika, nitazibua, nitarudi. Akachomoa panga. Fyaa. Fyaa. Fyaa. Akakata moja kwa moja kwenda juu, nyuma yake kukabaki mfereji mweusi wa udongo uliovuliwa nguo.

"Mko?"

Wakaitika watano. Kisha kimya.

Bibi Namkunda akasema, "Tukae."

Wakakaa. Mzee Kiangi akanung'unika, "Bibi, mwezi unaandama kesho. Twende. Yeye ndiye mwenye miguu, atatukuta."

"Ungekuwa wewe umepotea, Mzee Kiangi, ungesema twende?"

Kiangi akaitandika kanzu chini akakaa vizuri.

Senzota naye huko alikokwenda alifika kwenye mwamba mtupu. Akacheka. Akasema, kilele hiki. Akainua mguu aingie, na chini ya mguu hapakuwa na kitu. Ukungu ulipopasuka kidogo akaona yuko ukingoni mwa genge la mwamba, na kilele kiko ng'ambo kabisa, kimetulia, kama kisichomjua. Akarudi nyuma. Akaifuata njia yake. Ikamleta kwenye mti alioukata. Akaifuata tena. Ikamleta kwenye mti ule ule. Mara ya tatu akalitupa panga, akakaa, akalia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Akasema, "Mbonea, nimekuua."

Ndipo akasikia. Mbali, chini, upande asioutarajia.

"Mko?"

"Niko." "Niko." "Niko." "Niko." "Niko."

Kisha wakanyamaza. Wakaacha nafasi, kipande cha kimya cha kumtosha mtu mmoja. Kisha Bibi akaita upya, na wakaitika, na nafasi ile wakaiacha tena. Hakuna aliyeijaza. Senzota akasikia jinsi kimya kile kilivyokuwa na upana wake yeye, urefu wake yeye. Kumbe alikuwa na mahali.

Mara iliyofuata, kimya kilipofika, akakiingia. "Niko."

Ngo. Sauti haikuwa na ufa.

"Njoo kwa sauti," akaita Bibi. "Usije kwa macho."

Akashuka kwa sauti, polepole, akawakuta wamekaa, Mzee Kiangi anakoroma. Hakuna aliyemgombeza. Bibi alimshika uso kwa mikono yake ya udongo, akamwachia, akasema, "Haya. Tunapanda."

Wakapanda, saba. Na ukungu ukaisha kama ulivyoanza, bila kuaga, nao wakawa wamesimama juu ya Kule. Bakuli la jiwe lilikuwepo, pana kama uwanja wa kuanikia mtama. Lilijaa maji meusi yasiyokwenda popote. Wakaingia hadi kiunoni. Wakatoa majani ya miaka mingi, mizizi, matope, kwa mikono. Wakatoa. Wakatoa. Mwisho Senzota akazama mzima, akang'oa gogo lililooza lililokaa kwenye tundu, na mlima ukameza. Gulu. Gulu. Gulu. Waliusikia chini ya nyayo zao, mlima mzima ukinywa.

Huko kijijini wanawake walikuwa wamekaa na vibuyu. To. Wakangoja. To. To, to, to. Halafu chururu. Wanasema Mbonea aliisikia akiwa amelala ndani, akamwambia mtoto, "Baba yako huyo." Mwezi ukaandama, na hakuna aliyefunga mzigo.

Lakini wakati wa kushuka mvua ilinyesha, na walipopita pale wakaona. Njia ya Senzota ilikuwa imeshageuka mto. Maji mekundu yalikimbia humo, yakaruka genge, yakapotea. Senzota akapiga magoti.

Bibi Namkunda akasikiliza yale maji. Akasema tu, "Ulifungua wewe. Utafunga wewe."

Alifunga kwa masika matatu. Alipanga mawe, akatandaza matawi, akapanda miche ya mwituni mmoja mmoja. Masika ya tatu mwanawe alikuwa anatembea, anamletea changarawe kwenye kiganja, tatu kwa mpigo, akidhani ni mchezo.

Siku moja Senzota alikwenda kwa Bibi, akamkuta anagonga vyungu. Akamuuliza, "Bibi, siku ile uliijuaje njia ya kilele?"

"Sikuijua."

"Lakini ulikuwa umeshafika huko zamani?"

"Sijawahi kufika. Aliyefika ni bibi yangu, mimi alinisimulia tu." Akacheka, meno mawili yote yakaonekana. "Juu hakupotei, mjukuu wangu. Ukipanda utakukuta. Anayepotea ni mwenzako. Mimi nilishika wenzangu."

Bibi Namkunda alikufa uzeeni, udongo mbichi ukiwa bado chini ya kucha zake. Mimi nilimpenda bila kumwona, nawaambieni ukweli. Mvua zikapita, bakuli likaziba tena, na wa kuita safari hiyo alikuwa Senzota, ndevu nyeupe. Katikati ya ukungu akaita, "Mko?"

Wakaitika wote sita. Hakuna aliyekosekana. Lakini Senzota hakuinua mguu. Akangoja kidogo, kimya cha mtu mmoja, chembamba, chenye mikono ya udongo. Ndipo akasema, "Tunapanda."

Na mpaka leo wanafanya hivyo. Kule bado hakuna njia, na chemchemi bado inaimba.

Basi jueni, wanangu: mwenye haraka hukata njia yake, akarudi kwenye mti ule ule. Mwenzako akinyamaza, kaa chini. Mwekee nafasi yake, usiijaze.

Hadithi yangu inakaa chini hapa hapa. Wa pale nyuma, mko?